Parole: kupima hatari tu, au na adhabu pia?

Uingereza, Bodi ya Parole, inayoamua kama mfungwa aachiwe kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, huuliza jambo moja: akitoka, jamii itakuwa salama? Uzito wa adhabu ulishapangwa na jaji.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 inamtaka mfungwa atumikie kwanza theluthi ya kifungo, na ilitungwa ikiwaacha nje wenye makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu imeshaingia mlangoni, basi.

Mama wa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye mwanawe aliuawa, hata kama bila kukusudia, theluthi ataiona ndogo. Namwelewa. Ila bodi ikipima kosa upya, mtu anahukumiwa mara mbili, na mwenendo wake mwema pale Gereza la Ruanda unakuwa kazi bure. Nachagua kupima hatari tu. Huyo mama naye asikilizwe, kabla geti halijafunguliwa.