James Lind Alliance: mgonjwa na daktari meza moja, ila jipange kwa mwaka

Kama unataka wagonjwa waamue nini kitafitiwe, badala ya kuitwa kusaini fomu ya ridhaa wakati kila kitu kimeshapangwa, huduma hii ya Uingereza iliyoanza 2004 inafaa kuangaliwa. Mwongozo wao unapatikana bure mtandaoni. Mshauri wa kuongoza vikao analipiwa.

Kazi nzima, yaani kupata orodha ya maswali kumi yanayostahili kutafitiwa kwanza, huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Kamati ya wagonjwa, wanaowauguza na matabibu huweka mipaka ya mada, kisha dodoso husambazwa kuuliza watu wangependa utafiti ujibu nini. Kampuni za dawa hazimo. Majibu yakirudi ndipo jasho linapoanza, maana watu hawaandiki maswali ya utafiti. Mtu huandika tu kwamba mama yake huanguka akigeuka ghafla jikoni. Lazima awepo wa kuligeuza hilo liwe swali, aliunganishe na yanayofanana nalo, kisha apekue mapitio ya tafiti aone kama jibu lipo tayari. Mada ikiwa pana mno, hatua hii humeza miezi na pesa. Lakini ina faida: katika orodha ya 2014 ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na shida ya kutembea, swali la kwanza kabisa lilihusu tiba za kupunguza kuyumba na kuanguka.

Warsha ya mwisho ndiyo tamu. Maswali kama 25 huwa yamechapwa kwenye kadi zenye herufi. Ukiweka namba, watu watadhani mpangilio umeshaamuliwa. Washiriki, 30 hivi kwa wingi, huja kila mmoja amechagua matatu ya juu na matatu ya chini. Hugawanywa meza mchanganyiko, kadi zinasogezwa juu, zinarudishwa chini. Kisha makundi huvunjwa na kupangwa upya, hadi kumi bora zipatikane.

Kasoro? Dodoso la mtandaoni huwapata wenye bando na nafasi. Peleka na mtu kliniki aulize kwa mdomo. Wafadhili wasipokaribishwa tangu mwanzo, kumi bora hubaki faili tu kwenye kompyuta. Tena maswali hutoka mapana, kwa hiyo mtafiti atarudi kwa wagonjwa kuuliza nafuu ipimwe kwa kitu gani.

Mwenye bajeti ndogo anaweza kuazima kadi na warsha ya watu 12. Asiruke upekuzi wa tafiti, vinginevyo watu watashindania swali lililojibiwa zamani.