Seti ya gobore la kuunganisha mwenyewe: nimeimaliza, haya ndiyo niliyoyaona

Mwangaluka wadau, karibuni tena karakana hapa Tabora. Leo mezani kuna seti ya gobore, mteja wangu kaletewa na ndugu yake kutoka Marekani akaniambia fundi nimalizie nilitundike sebuleni. Na kabla hamjaanza kuuliza, hili halipigi, mtutu wake ni chuma kizima hakijatobolewa. Gobore linalopiga ni silaha kama silaha nyingine, bila leseni usiliguse kabisa.

Ndani ya boksi kuna kitako ambacho mashine imeshakichonga karibu chote, mtutu, mtambo wa gumegume, yaani ule wa kuwasha baruti kwa cheche za jiwe, mdeki wa mbao, ile fimbo ya kushindilia baruti mtutuni, na vipande vya shaba vya kufunika mwisho wa kitako. Mtindo ni wa kule Pennsylvania, Marekani, zile bunduki ndefu za miaka ya 1700 za mafundi wenye asili ya Ujerumani, wao walipenda mbao ya mepo, mti wa huko kwao, yenye milia milia. Hii ya kwenye boksi ni mbao nyeupe tu haina mchoro wowote, hapo sijaridhika.

Sasa kazi yenyewe iko hapa, oneni. Mtambo unatakiwa ukae ndani ya mbao mpaka pasionekane mwanya, na mashine imeacha mbao imezidi kidogo. Mimi nilichukua masizi ya kibatari nikaupaka mtambo utando mwembamba kabisa, nikaukandamiza kwenye nafasi yake nikautoa, pale kwenye mbao palipobaki na weusi ndipo panapogusa, unapakwangua na patasi kali kidogo tu, unapaka tena, unajaribu tena. Siku mbili nzima nilikuwa hapo. Ukikata kwa kukisia, ndugu yangu, mbao hairudi.

Skrubu zake ni laini mno, moja imenikatikia kichwa ndani ya mbao nikahangaika nayo asubuhi yote. Toboa tundu dogo kwanza halafu pitisha skrubu kwenye nta ya nyuki, Tabora nta ipo tele, hakuna sababu ya kuikosa.

Kwenye finishingi msiniletee vanishi. Nilipiga msasa mpaka namba 220, nikafuta kitako kwa kitambaa chenye maji, kikikauka nyuzi za mbao zinasimama unazisikia kama ndevu, unapiga msasa tena, nimerudia mara tatu. Halafu mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, matone machache, unasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, unaacha siku nzima, kesho tena, hivyo hivyo mara sita. Vanishi ikikwaruzwa lazima uikwangue, mafuta unaongeza tu. Ila vitambaa vya linsidi vitandazeni nje vikauke, usivikunje ukavitupa kwenye maranda, vinajipasha moto vyenyewe na karakana inaungua umelala.

Na kazi hii nimeifanya kwa moyo jamani, sisi watu wa Unyamwezi gobore limo kwenye historia yetu, rugaruga, wale askari wa mtemi wetu Mirambo, walipigana na Waarabu wa hapa hapa Tabora kuanzia 1871 wakiwa nayo mabegani. Nikishika kitako hiki nawawaza wale vijana wakitembea porini na mzigo wa namna hii, mtutu peke yake umenichosha mkono.

Kama unauliza ununue au usinunue, mimi nasema chuma na shaba ni vya uhakika, mtambo unajifunga vizuri, sikilizeni... ka! Mbao ndiyo inayoiangusha. Kama una mkono wa kazi, tumia kitako chao kama kipimo uchonge kingine cha mninga uliokauka, mninga hausinyai ovyo, mtambo ukishakaa umekaa. Cha kwangu nimeshaanza, kile pale ukutani, bado kina alama za penseli.

Sogeza kamera hapa. Napitisha ukucha kutoka kwenye shaba kwenda kwenye mbao, oneni, haukwami popote. Jumamosi mwenyewe anakuja kulichukua.