Unataka kuongezea orenjeri nyumbani? Anza na paa, milango baadaye

Watu wengi wanaotaka orenjeri, chumba cha kuongezea chenye vioo vingi, wanaanza na milango. Wameona picha ya milango mikubwa ya kukunja imefunguka yote mpaka bustanini, basi wanamwita kontrakta wakiwa wameshachagua na rangi ya fremu. Mimi nasema anza juu. Kioo utakachoweka juu, kwenye paa, ndicho kitakachoamua kama chumba kitakalika mwaka mzima au kitageuka stoo ya vitu vya nje, na hapo ukikosea hakuna pazia wala feni itakayokuokoa kirahisi, kwa hiyo nimepanga hivi: paa kwanza, halafu aina ya kioo, halafu fremu, mengine yafuate.

Kwa ambaye hajui tofauti ya orenjeri na konsavatori, orenjeri ni chumba cha kuongezea chenye nguzo nene za tofali au mawe, madirisha marefu katikati ya nguzo, na paa ambalo pembezoni ni gumu la kawaida tu ila katikati limeachwa wazi na kuwekewa kijipaa cha kioo kilichoinuka, hicho mafundi wanakiita lantani. Konsavatori ni kioo karibu kila mahali, kuta na paa. Sokoni haya majina yanachanganywa sana kwa sababu orenjeri inasikika ya kifahari zaidi, so usinunue jina, omba mchoro uangalie paa lina sehemu ngumu kiasi gani.

Tena ukiangalia orenjeri zilikotoka unaelewa kwa nini nang'ang'ania paa. Zilianza Ulaya kama majengo ya kuhifadhia michungwa na milimau iliyopandwa kwenye makasha, msimu wa baridi ukija miti inaingizwa ndani. Ile ya Versailles kule Ufaransa, iliyojengwa 1684 mpaka 1686 kwa mchoro wa Jules Hardouin-Mansart, ina kuta zenye unene wa mita 4 mpaka 5, madirisha makubwa yanatazama kusini, na juu hakuna kioo kabisa, ni tao la mawe na juu yake kuna bustani. Hawawashi moto mle ndani na bado baridi haiui miti. Mapaa ya kioo yalishamiri baadaye sana, karne ya 19, vioo viliposhuka bei, na Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845. Yaani orenjeri asili yake ni mwanga wa pembeni na uzito wa ukuta, sio sanduku la kioo.

Haya, tupange mapaa.

Namba moja naiweka paa gumu pembezoni na lantani ya wastani katikati. Mwanga unaingia mpaka ndani kabisa, lile paa la pembezoni unalijaza insulesheni (tabaka la kuzuia joto na baridi kupita), unaficha nyaya, taa na mabomba ya AC kwenye silingi, na chumba kinabaki na hisia ya chumba cha nyumbani. Tatizo ni watu kutaka lantani kubwa kupita kiasi. Kwa maoni yangu ikizidi nusu ya eneo la paa umeshahamia konsavatori bila kujua, na kama jua la kwenu ni kali baki kwenye robo au chini ya hapo. Na isogeze karibu na ukuta wa nyumba badala ya kuiweka katikati kabisa, kwa sababu jambo ambalo muuzaji mara nyingi hakwambii ni kwamba chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake zamani lilitazama nje, sasa litatazama orenjeri na kitakuwa na giza. Lantani ikiwa upande ule inakirudishia mwanga kiasi.

Ulizia pia mteremko. Paa linaitwa bapa ila halitakiwi kuwa bapa kweli, likishamalizwa lishuke angalau sentimita 5 kwa kila mita 4, na mchoro wenyewe upange mara mbili ya hapo kwa sababu mbao zinapinda na fundi naye ni binadamu. Lantani ikae juu ya kizingiti kilichoinuka kama sentimita 15 kutoka usawa wa paa, maji yakisimama yasiifikie. Kwa kufunika paa, shiti ya mpira ya kipande kimoja naipenda kuliko vipande vya kuunganisha, maana kuvuja kwingi huanzia kwenye maungio.

Namba mbili ni paa gumu lote lenye skailaiti, yaani dirisha la kwenye paa, moja au mbili za kawaida. Haina ule uzuri wa lantani ukiinua macho, lakini ni rahisi kuifunga vizuri isivuje, na sehemu zenye joto mimi ningeipandisha iwe namba moja bila kufikiria mara mbili. Chagua zinazofunguka.

Namba tatu ni ya kizamani, paa gumu lisilo na tundu, madirisha marefu tu. Wengi wanaipita haraka na wanakosea. Kuna kanuni ya wasanifu kwamba mwanga wa dirisha unafika vizuri ndani kama mara mbili mpaka mbili na nusu ya urefu wa kutoka sakafuni mpaka juu ya kioo, kwa hiyo dirisha linaloishia mita 2.4 linakupa mwanga mzuri wa karibu mita 5, na chumba cha kina cha mita 3 au 4 hakihitaji kioo juu hata kidogo. Hela utakayookoa hapo ipeleke kwenye madirisha bora.

Kioo paa zima naiweka chini. Inafaa kama lengo lako kweli ni mimea, au kama utakaa humo miezi michache tu ya mwaka na mingine uko tayari kufunga mlango ukasahau. Za mwisho kabisa ni shiti za plastiki za kupitisha mwanga: mvua ikinyesha hamsikilizani, na miaka ikienda zinafifia. Acha.

Sasa jua. Ukiwa kaskazini mbali na ikweta, upande wa kusini ndio wenye jua la mchana, ukiwa kusini mbali na ikweta geuza, kaskazini ndiko kwenye jua. Karibu na ikweta hesabu inabadilika kabisa kwa sababu saa sita jua liko utosini, linapiga paa kuliko ukuta wowote, ndiyo maana nasema huko kioo cha juu kiwe kidogo. Asubuhi na jioni linashuka chini na kuingia kwa mashariki na magharibi, na hapo upenu mpana hausaidii sana kwa kuwa mwanga unapita chini yake, unataka mti, au vizuizi vya wima nje ya dirisha. Na kizuizi kikae NJE jamani. Pazia la ndani linapunguza mng'ao machoni lakini joto likishavuka kioo sehemu kubwa limeshakuwa lenu.

Kwenye kioo dai vipimo viwili kwa maandishi. Cha kwanza ni U, kinaonyesha joto linavyopita kwenye kioo, ndogo ndiyo nzuri: kioo kimoja cha kawaida ni karibu 5.7, kioo pacha chenye utando maalumu na gesi ya argoni katikati kinashuka mpaka kama 1.1, cha tabaka tatu kinaweza kufika chini ya 0.8. Cha pili ni g, kinaonyesha sehemu ya nguvu ya jua inayoingia ndani, na hapa ndipo watu wa sehemu zenye joto wanatakiwa kukaza macho, kwa sababu kioo pacha kisicho na utando kinaweza kupitisha zaidi ya 0.7 wakati kile cha kuzuia jua kinakaa kwenye 0.3 au 0.4. Penye baridi nyingi unaweza kupenda g kubwa kwenye madirisha, jua la bure hilo, lakini kwenye paa bado iwe ndogo. Muuzaji akikujibu tu kwamba ni kioo kizuri cha kisasa, mwambie alete karatasi. Na kioo chochote cha juu ya kichwa, kile kipande cha ndani kiwe cha vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando katikati ili kikipasuka kibaki pale pale kisiwamwagikie walio chini, hili sio la kubana bajeti.

Fremu zinagombaniwa kuliko zinavyostahili ila nitasema langu. Bora kabisa ni mbao kwa ndani na aluminiamu kwa nje, ina joto la mbao na haisumbuliwi na mvua, ila bei yake sio ya kila mtu. Inayofuata, na ndiyo ningemshauri mtu wa kawaida, ni aluminiamu yenye kizuizi cha joto katikati. Aluminiamu tupu inapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, kwa hiyo bila kile kizuizi fremu inakuwa baridi na asubuhi inatoa jasho mpaka maji yanachuruzika kwenye kuta. Mbao ngumu tupu ni nzuri sana kwa macho na inaendana na nyumba za zamani, lakini itataka rangi au vanishi kila baada ya miaka kadhaa, na usipofanya inaoza kuanzia chini. PVC, yaani plastiki ngumu, ni ya bei nafuu na haili muda wako, ila fremu zake ni nene, kwenye upana mkubwa inahitaji chuma ndani, na rangi nyeusi kwenye jua kali inapanuka vibaya. Kwa madirisha ya kawaida katikati ya nguzo PVC sio mbaya, kwa lantani ningeikwepa.

Milango, kwa ufupi: ya kuteleza naiona bora kuliko ya kukunja. Ya kukunja inapendeza ikiwa wazi, lakini siku nyingi za mwaka itakuwa imefungwa, na ikifungwa unatazama msururu wa fremu za wima. Ya kuteleza inakupa vioo vichache vipana.

Hewa nayo usiiache kwa bahati. Weka pa kufungua chini na pa kufungua juu, hewa moto inapanda inatoka na ya chini inaingia bila umeme wowote. Kama lantani iko juu sana weka ya mota yenye sensa ya mvua inayojifunga yenyewe.

Kabla ya vipimo panga samani kwanza. Chora meza na viti vyako kwenye karatasi, nyuma ya kila kiti acha kama sentimita 90 mtu apite, halafu ndio ujue chumba kiwe na upana gani, maana nyingi zinajengwa zikakosa pa kuweka hata kabati kwa sababu kila upande ni kioo. Usiogope nguzo nene, ndizo zinazobeba sura ya orenjeri, na tofali zifanane na za nyumba.

Ukitaka kuvunja ukuta wa katikati ili nyumba iwe moja, hapo mwite injinia maana kuna boriti ya kubeba mzigo wa juu, na jua kwamba joto au baridi ya orenjeri sasa ni ya nyumba nzima. Ukiacha milango mizuri katikati unapata nafasi ya kukifunga chumba siku mbaya.

Msingi ushuke mpaka kwenye udongo imara, na pale chumba kipya kinapogusana na nyumba kuwe na kiungo kinachoruhusu kusogea, kwa sababu nyumba imeshatulia na chumba kipya bado hakijatulia, ukivifunga pamoja kwa nguvu utapata ufa. Angalia bomba la majitaka linapita wapi kabla hawajachimba, na kibali kiwe mkononi kabla hujasaini.

Kwotesheni itenganishe msingi, paa, vioo, fremu na umeme, usipokee namba moja ya jumla. Waranti ya kioo kuingia ukungu katikati na waranti ya paa kuvuja ni vitu viwili, uliza zote. Omba uonyeshwe kazi yao yenye miaka kadhaa, sio ya mwezi uliopita, uongee na mwenye nyumba, ukiweza nenda siku ya mvua. Malipo yaende kwa hatua, na andika kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho inatoka baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita na silingi kubaki kavu.