Walivyoisugua rupia ya urithi mbele ya macho yetu: uzoefu wangu na duka la kununua sarafu za kale

Nilipokaa kuandika nilikusudia kulipatia duka hili nyota tatu, kwa sababu mizani yao haidanganyi na malipo tuliyopewa yalikamilika siku ile ile. Lakini kila ninapofika kwenye habari ya kile kitambaa damu inanichemka, na naona hata nyota mbili ni nyingi. Acha nieleze, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Rafiki yangu aliachiwa na marehemu baba yake kasha la mbao lenye sarafu mia mbili na ushei. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuza hata sarafu moja ya kale, akaniomba nimsaidie, nami sikuweza kumkatalia. Kwa majuma kadhaa nilikesha na kioo cha kukuzia, mizani ndogo ya gramu na daftari, nikiandika kila sarafu kwa nchi yake, mwaka wake na uzito wake. Nilijifunza kwamba shilingi na nusu krauni za Uingereza zilizopigwa hadi 1919 zina madini ya fedha asilimia 92.5, kwamba kuanzia 1920 hadi 1946 zina asilimia 50 tu, na kwamba zile za matumizi ya kawaida za kuanzia 1947 hazina fedha kabisa. Nilijifunza kwamba dola ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, huandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, kwa hiyo mwaka ulio usoni mwake haukuambii umri wake. Na zaidi ya yote nilijifunza neno ambalo kila mjuzi wa sarafu humwambia mgeni kabla ya jingine lolote: usiisafishe.

Mthamini aliyetupokea alikuwa mtu mzima, tukamwamkia kwa heshima inayostahili umri wake. Daftari langu hakulifungua. Alilisogeza kando kwa kiwiko, akaliinamisha kasha, na sarafu ambazo marehemu alizipanga moja moja kwa miaka zikamwagika kwenye meza ya kioo zikigongana. Sauti ile bado ninayo masikioni. Rafiki yangu alishtuka, akanyoosha mkono kama anayetaka kumdaka mtoto asianguke, kisha akaurudisha kwa aibu.

Katika lundo lile mthamini akaokota rupia ya India ya 1901, yenye sura ya Malkia Victoria. Niseme wazi kwamba hii ndiyo iliyokuwa roho ya kasha. Haikuwa adimu, maana rupia za mwaka huo zilipigwa kwa wingi, lakini ilikuwa imetunzwa ndani ya karatasi kwa muda mrefu na uso wake ulikuwa umepata rangi ya kijivu iliyoingia buluu, na pembezoni, karibu na ukingo, zambarau nyembamba kama ya jioni. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha chovya kitambaa kwenye kichupa cha dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha.

"Mzee, tafadhali, hiyo usiisugue," nilimwambia.

"Kijana, nimeanza kazi hii hujazaliwa," alinijibu bila kuniangalia. "Uchafu lazima utoke ndipo nione mali."

Akaisugua pande zote mbili, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria. Alipoirudisha mezani iling'aa mng'ao mkavu, mweupe, wa kijiko kipya. Niliichukua kwa kingo nikaielekeza kwenye taa, nikaiona mikwaruzo myembamba kama nywele ikizunguka shavu la Malkia. Yeye naye akaichukua, akaiangalia kwa kioo chake, kisha akamgeukia rafiki yangu na kusema: "Binti, hii imekwaruzika. Hii nitaihesabu kwa uzito tu."

Nilikosa la kusema. Asiyejua anaweza kuona nalia kwa jambo dogo, kwamba ni sarafu imeoshwa tu, kwa hiyo nieleze. Rangi ile si uchafu. Ni utando unaojijenga taratibu juu ya fedha kutokana na salfa iliyomo hewani, na chini yake hulala mng'ao wa kiwandani, yaani mistari midogo sana iliyoachwa na chuma cha kupigia sarafu siku ilipozaliwa. Kitambaa na dawa huondoa vyote viwili. Kampuni kubwa zinazopima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70 huikatalia namba sarafu iliyosuguliwa hivyo, zikaandika tu kwamba ni halisi lakini imesafishwa, na mkusanyaji akisoma maneno hayo anapita.

Haki nayo isemwe. Mthamini yule anajua kazi. Katika sarafu zetu kulikuwa na dola ya biashara ya Marekani iliyoandikwa 1877, ambayo mimi niliiweka juu kabisa ya orodha nikiamini ndiyo yenye thamani kuliko zote. Yeye aliishika, akaipima, akaniambia kwamba dola halisi ya aina ile huwa na gramu 27.2 na hii ni nyepesi mno, akaisogezea sumaku, ikanata, na fedha halisi hainati. Niliumia, lakini alinifundisha, maana uzito nilikuwa nimeuandika bila kujua wa kuulinganisha nao. Shilingi zetu za baada ya 1920 alizinunua kwa uzito uliolingana na wa daftari langu, na dada wa kaunta alituandikia risiti sarafu kwa sarafu, kwa upole, akatafuta bahasha ndogo za karatasi azifungie zilizobaki. Na kwa ajili ya dada huyo pia nilifikiria zile nyota tatu.

Lakini ninavyoandika sasa naona kwamba ujuzi wake unalifanya jambo lenyewe kuwa baya zaidi. Mtu anayetambua sarafu bandia upesi namna ile hawezi kuwa hajui kwamba rupia haisuguliwi. Alijua. Aliharibu kwa mkono wake, kisha akautumia uharibifu ule ule kushusha bei, mbele ya mtu ambaye bado yumo katika majonzi ya mzazi wake. Nilipompigia simu msimamizi baada ya siku chache, alinijibu kwamba kwa kuwa rupia haikununuliwa hakuna la kudai. Hata pole hakutoa. Basi nyota ni moja, na hiyo moja ni ya dada wa kaunta.

Sarafu nyingine hatujaziuza. Tunazungumza na nyumba ya mnada, na safari hii ninazishika mimi mwenyewe kwa glovu, moja moja, nikiomba kila moja ithaminiwe peke yake. Rupia imerudi kwenye karatasi yake. Juzi rafiki yangu aliitoa akaniuliza kama ile rangi itarudi. Nilimwambia kwamba rangi huenda ikarudi baada ya miaka mingi, lakini mikwaruzo itabaki chini yake.