Quinta de San Pedro Alejandrino: Nyumba Alimofia Bolívar
Makumbusho haya ya Santa Marta, Kolombia, yalikuwa shamba la miwa la Mhispania Joaquín de Mier, na ndiko alikofikishwa Simón Bolívar, kiongozi wa ukombozi wa Amerika Kusini kutoka kwa Hispania, mnamo tarehe 6 Desemba 1830, miezi kadhaa baada ya kung'atuka madarakani na kuondoka Bogotá kwa kushuka Mto Magdalena, huku kifua kikimmaliza. Kwamba adui mkubwa wa utawala wa Hispania alihifadhiwa na Mhispania ni jambo la kustaajabisha.

Chumba cha mauti ndicho kinachostahili muda wa mgeni: kitanda chembamba, pamoja na saa iliyosimamishwa kwenye saa saba na dakika tatu mchana, alipokata roho tarehe 17 Desemba akiwa na umri wa miaka 47. Mnara mweupe wa kumbukumbu uitwao Altar de la Patria (Madhabahu ya Taifa), kwa maoni yangu, ni mkubwa kupita kiasi na unaimeza nyumba. Afadhali kivuli cha mikwaju mikongwe.

Kaburi halipo hapa. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Santa Marta, kisha mwaka 1842 mabaki yake yakapelekwa Caracas, Venezuela, hivyo mgeni apitie pia kanisani humo.