Zotero kwa wahadhiri: inasaidia wapi, inakwama wapi

Makala ikikataliwa na jarida moja ikapelekwa jingine, kinachomchosha mhadhiri mara nyingi si hoja bali marejeleo. Jarida la kwanza lilitaka mtindo wa marejeleo wa APA, la pili linataka ule wa Vancouver, na orodha ya vyanzo 60 inabidi ipangwe upya: majina na miaka iliyo kwenye mabano igeuke namba, orodha iache kufuata alfabeti, nukta na koma zihame. Ukiifanya kwa mkono, kazi hiyo inakula siku nzima na makosa hayaishi. Zotero, programu ya kutunza vyanzo na kupanga marejeleo, huimaliza kwa kubadili mtindo mara moja. Kwa sababu hiyo tu, kitengo chochote cha chuo kinachowaendeleza wahadhiri kingeanza nayo. Lakini taarifa mbovu haiwezi kuzigeuza nzuri, na malalamiko mengi kuihusu yana mzizi kwenye taarifa zilizoingizwa ovyo siku ya kwanza.

Programu ilizaliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Mendeley, programu nyingine ya aina hiyo ambayo wahadhiri wengi bado wanayo, ni mali ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013 na inakupa GB 2 za hifadhi ya bure. Nyingine, EndNote, ni ya kulipia. Zotero hutoa MB 300 tu mtandaoni. Hata hivyo, kila kitu kinakaa kwanza kwenye kompyuta yako, na hilo lina thamani kubwa chuoni ambako intaneti hukatika: kusoma, kuweka alama, kurejelea na kupanga orodha vyote vinaendelea bila mtandao. Unauhitaji pale tu unapovuta taarifa za chanzo kipya au kusawazisha, yaani kuilinganisha maktaba yako na nakala yake ya mtandaoni.

Kuna vipande viwili vya kuweka: programu yenyewe, na kiendelezi cha kivinjari kinachovuta taarifa kutoka kwenye ukurasa wa makala. Cha pili ndicho kinachosahaulika, halafu mtu anaandika kila kitu kwa mkono na kusema programu ni ngumu. Funga Word kabla ya kuweka, kwa sababu ikiwa wazi kichupo cha Zotero huenda kisijitokeze. Kikikosekana, ingia kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya "Cite", ukiweke upya kutoka hapo. LibreOffice na Google Docs nazo zinakubali. WPS Office haina kiunganishi rasmi, na kwenye simu unaweza kusoma na kukusanya lakini si kurejelea ndani ya andiko.

Njia salama zaidi ya kuingiza makala ni DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala: bofya kitufe chenye picha ya fimbo, bandika namba, subiri. ISBN hufanya kazi hivyohivyo kwa vitabu. Unaweza pia kuburuta PDF ndani, na programu itajaribu kuitambua yenyewe. Tasnifu iliyopigwa skani haitatambuliwa, kwa kuwa ndani yake hakuna maandishi bali picha za kurasa. Hapo chagua "Create Parent Item" na ujaze mwenyewe mwandishi, mwaka, chuo na aina ya tasnifu. Makala za AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na za majarida ya vyuo vyetu huvutwa vizuri na kiendelezi, ila angalia namba za kurasa na toleo kabla ya kufunga ukurasa. Ukiacha ukaguzi hadi wakati wa kuwasilisha, utarudi kutafuta ukurasa ambao huenda haupo tena.

Sasa majina, maana hapa ndipo orodha nyingi za wahadhiri wa Afrika Mashariki zinapoharibika. Zotero hugawa jina la mtu katika visanduku viwili, la ukoo na la kwanza. Taasisi haina jina la ukoo. Ukiandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu kama mtu, APA itakutolea "Takwimu, O. ya T." au kituko kinachofanana na hicho. Pembeni mwa kisanduku cha mwandishi kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwili kiwe kimoja. Kitumie kwa kila wizara, tume, shirika na baraza. Hali kadhalika kwa waandishi ambao jina lao lina "wa" au "bin" katikati na desturi ni kuliandika lote kwa mpangilio wake. Majina yaliyopinduka hubadilishana nafasi kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Vyeo kama Dkt. na Prof. vifute, la sivyo vitaingia kwenye herufi za mwanzo za jina.

Kuna kisanduku kingine ambacho karibu kila mtu hukipita bila kukijaza: lugha. Mitindo kama Chicago hupandisha herufi kubwa kwenye maneno ya anwani za vitabu na makala za Kiingereza, na kisanduku kikiwa kitupu programu huenda ikadhani anwani yako ni ya Kiingereza. Matokeo yake ni "Historia Ya Elimu Ya Watu Wazima". Andika "sw" kwenye kisanduku cha lugha na anwani itabaki kama ulivyoiandika. Kwa idara ya Kiswahili hili si jambo dogo. Anwani zilizokuja kwa herufi kubwa tupu hurekebishwa palepale kwenye kisanduku cha anwani, bila kuandika upya.

Ndani ya Word kosa kubwa ni moja. Mtu anaona rejeleo halijakaa vizuri, analihariri kwa kidole, kisha siku ya pili programu inasasisha na marekebisho yanafutika. Kila kitu kifanywe kupitia kidirisha cha rejeleo: bofya juu ya jina la chanzo, weka ukurasa, neno la kutangulia kama "taz.", au ficha jina la mwandishi ikiwa umeshalitaja kwenye sentensi. Kosa likiwa la chanzo chenyewe, lirekebishe kwenye maktaba kisha usasishe andiko. Nakala ya kupeleka kwa mhariri ihifadhiwe kwa jina jingine, halafu kwenye nakala hiyo pekee tumia "Unlink Citations", ambayo hugeuza marejeleo kuwa maandishi ya kawaida. Ikiwa jarida linataka "na wenzake" badala ya "et al.", huo ndio wakati wa kutafuta na kubadilisha. Ukitenganisha kwenye faili asili, hakuna kurudi.

Kisomaji cha PDF, kilichoingia mwaka 2022, kimebadilisha namna programu inavyotumika. Unapaka rangi kwenye mistari, kisha unavuta alama zote kuwa noti moja ya dondoo, na kila dondoo linabaki na namba ya ukurasa. Kwa anayeandika mapitio ya machapisho hii ndiyo sehemu bora kuliko zote. Kwenye hati za skani hutaweza kupaka rangi mistari bali kuzungushia eneo, kwa sababu Zotero haisomi picha kuwa maandishi. Toleo la 7, la Agosti 2024, limeongeza vitabu vya kielektroniki vya EPUB. Tangu 2019 Zotero pia huonyesha onyo jekundu juu ya makala iliyoondolewa na jarida lake, kwa kutumia kanzidata ya Retraction Watch. Msimamizi wa tasnifu anapaswa kuwaonyesha wanafunzi onyo hilo. Ila haitakwambia kama jarida ni la kitapeli, wala haipimi wizi wa maandishi.

Kuhusu hifadhi, MB 300 ni takriban makala 200 za MB 1.5, na tasnifu moja ya skani inaweza kumeza MB 40 peke yake. Kinachosaidia ni kwamba taarifa za vyanzo na dondoo zako husawazishwa bure bila kikomo hicho. Faili ndizo zinazohesabiwa. Zima usawazishaji wa faili, na kila Ijumaa funga programu unakili folda nzima ya Zotero kwenye diski ya nje. Hifadhi ya GB 2 ya Zotero ni dola 20 kwa mwaka kwa anayeweza kulipia kwa kadi. Usiihamishie folda ya data ndani ya Dropbox au OneDrive. Kanzidata ikisawazishwa ikiwa wazi huharibika, na uharibifu huo hujulikana siku maktaba inapogoma kufunguka.

Idara ikitaka kuwafundisha wahadhiri wake, saa mbili mara mbili zinatosha, wiki moja kati yake. Programu iletwe kwenye flashi, maana watu 20 wakipakua kwa pamoja Wi-Fi ya ukumbi italala. Kikao cha kwanza kiwe cha kuingiza na kusafisha tu, kila mmoja na vyanzo 15 vya utafiti wake mwenyewe. Word isubiri kikao cha pili. Semina zinazoanzia kwenye Word hufurahisha siku hiyo, kisha orodha hutoka na makosa yaleyale na watu wanarudi kuandika kwa mkono.

Kwa waandishi wenza, fungueni kundi la faragha na wote mrejelee kutoka humo. Kila mmoja akitumia maktaba yake, chanzo kimoja huhesabiwa viwili na kutokea kama 2020a na 2020b. Faili za kundi hula hifadhi ya mmiliki wake, kwa hiyo kwa mradi wa miaka kadhaa mmiliki awe ndiye mwenye hifadhi ya kulipia. Akielekea kustaafu au kuhama chuo, ahamishie umiliki kwa mwenzake kupitia mipangilio ya kundi angali anakumbuka nywila.