Rimu mpya na taa ya manjano: uzoefu wangu na sensa za presha ya matairi Mombasa

Taa yenyewe, ile ya kuonya kuhusu presha ya matairi, ina umbo kama la mtungi uliokatwa shingo, chini una menomeno, katikati alama ya mshangao. Kwenye gari langu iliwaka siku ileile nilipofungwa rimu nyingine, kabla hata sijafika Kongowea. Ilipepesa kama dakika moja, kisha ikatulia na kubaki imewaka. Nikizima gari na kuliwasha tena, ni yaleyale. Niliishi nayo wiki saba, na katika wiki hizo nilipoteza tairi jipya na pesa ambazo ningezihifadhi kama mtu angeniambia mapema ninayoyaandika hapa.

Gari ni Toyota RAV4 ya 2017, iliyotoka Uingereza ikiwa na rimu za inchi 18 na matairi ya 235/55. Mimi naishi Bamburi, na mara mbili kwa mwezi namfuata mamangu Kilifi nimlete kliniki Mombasa, kisha nimrudishe. Anayeijua barabara hiyo tangu waanze kuipanua anajua ninachosema: kokoto, lami iliyokatika ghafla, vipande vya chuma na misumari ya mbao za ujenzi. Rimu mbili zilikuwa zimeshapinda. Nikaamua kushuka hadi inchi 17, matairi ya 225/65, saizi ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye RAV4 za kizazi hicho. Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi unatoka milimita 129 hadi 146. Hizo milimita 17 za mpira kati ya rimu na shimo unazisikia mgongoni, na mamangu mwenye mgongo wake alizisikia safari ya kwanza tu. Kwa hiyo kuhusu rimu zenyewe sina lalamiko hata moja. Gari limekuwa laini, na kipenyo cha gurudumu zima kimebadilika kidogo mno kiasi kwamba spidi haidanganyi.

Kosa langu lilikuwa kwenye biashara yenyewe. Nilitoa rimu zangu nne pamoja na matairi yake, nikaongeza shilingi 78,000, nikapewa rimu nne zenye matairi mapya. Nilifurahi kwamba sitakuwa na rimu kuukuu za kuniziba stoo. Sikujua kwamba ndani ya zile rimu kuukuu nilikuwa nimemkabidhi muuzaji kitu kingine.

Niliporudi kuuliza kuhusu taa, kijana aliyenifungia alinijibu kwa upole kabisa, "Dada, gari halijazizoea hizo rimu. Endesha siku mbili tatu, itazima yenyewe." Akabonyeza swichi ya kuweka presha upya, akaniaga. Jirani yangu naye akanihakikishia kwamba alibadilisha rimu za Harrier yake na hakuna taa iliyowaka. Yote mawili yalinituliza.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini Harrier ya jirani haikusema kitu. Lake lilitoka Japani, ambako sheria haiwalazimishi watengenezaji kuweka mfumo huu wa kupima presha ya matairi. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000 baada ya ajali nyingi za magari yaliyopinduka matairi yakipasuka njiani, na Ulaya wakafanya uwe lazima kwa kila gari jipya linalouzwa kuanzia Novemba 2014. Gari la Uingereza la 2017 lazima linao. Katika RAV4 yangu kila gurudumu lina sensa yake ndogo ndani ya rimu, kwenye shina la valvu, yenye betri iliyozibiwa humohumo. Inapima upepo na kuutangaza kwa redio. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari inazijua namba nne zile tu. Rimu zangu mpya zilikuwa na valvu za mpira za kawaida, hazina kitu ndani. Gari lilikuwa linaita na hakuna wa kuitika.

Na lilikuwa linaniambia hivyo waziwazi, ila sikuijua lugha yake. Taa ikiwaka moja kwa moja tangu mwanzo bila kupepesa, upepo umepungua. Ikipepesa kwanza dakika moja au dakika moja na nusu halafu ikabaki, mfumo wenyewe una hitilafu: haujui matairi yako yana upepo kiasi gani. Hii tofauti ningetaka kila mwenye gari la aina hii aikariri.

Wiki ya tano nilikuwa natoka Kilifi na mamangu kiti cha nyuma. Tulipopita Kikambala, gari likaanza kuyumba nyuma kidogo. Nikadhani ni barabara. Taa imewaka, lakini ilikuwa imewaka siku zote, hivyo macho yangu yalishaacha kuiona. Mamangu ndiye aliyesema, "Mwanangu, mbona kuna kitu kinanuka?" Harufu ya mpira ulioungua. Nilipoegesha na kushuka, tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala kabisa. Ukuta wake ulikuwa umesagika pande zote, na nilipoligusa, vidole vilitoka na unga mweusi kama masizi ya sufuria. Kwenye mpira kulikuwa na skrubu moja, kichwa chake kimesuguliwa na lami hadi kinang'aa kama kishaufu. Pancha ya kuziba kwa mia tatu ilikuwa imegeuka tairi la kutupa, kwa sababu nilikuwa nimeliendesha bila upepo sijui kilomita ngapi.

Mamangu alikaa chini ya mkilifi kando ya njia huku kijana wa bodaboda akinisaidia kufunga tairi la akiba. Hakunilaumu. Lakini nilimtazama pale, mkoba wa dawa mapajani, nikajiambia taa hii sitaiacha tena.

Nilipoanza kutafuta dawa yake ndipo nilipokutana na mambo. Mmoja alitaka kubandika utepe mweusi juu ya taa. Mwingine, na huyu ni fundi mwenye akili kweli, alinieleza njia ya bomba: unatafuta sensa nne zenye namba za gari, unazitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki, unaziba pande zote, unajaza upepo hadi psi 35, unalificha chini ya sakafu ya buti. Gari linasoma presha nzuri, taa inazima. Alilisema kwa fahari. Nikamuuliza, "Na nikipata pancha?" Akasema, "Hapo utaangalia mwenyewe." Mimi hilo silikubali hata bure. Gari lenye bomba kwenye buti ni baya kuliko gari lisilo na mfumo kabisa, maana atakayelinunua baadaye ataiamini dashibodi.

Nilijaribu pia vile vifuniko vya valvu vyenye sensa, vinavyokuja na kioo kidogo cha kutumia jua. Vinapima vizuri, sitavisema vibaya, na kwa gari lililotoka Japani bila mfumo ningevipendekeza. Lakini vinazungumza na kioo chao peke yake, taa ya gari haihusiki. Na vinakaa nje, mtu anavifungua kwa vidole. Viwili vyangu viliondoka nikiwa nimeegesha Mwembe Tayari kununua vitambaa.

Kisha nikafanya kosa la pili: nikanunua sensa nne za mitumba kwa shilingi 6,000, kutoka kwa muuza spea aliyeniapia kwamba za Toyota ni za Toyota. Zikafungwa, matairi yakabalansiwa, taa ikabaki palepale. Zilikuwa za masafa ya redio ya megahezi 315, na gari la Uingereza linasikiliza 433. Hata zingekuwa za 433 zisingefaa hivihivi, kwa sababu namba zake si zile ambazo gari linazijua. Na betri za sensa hukaa miaka mitano hadi kumi tu, halafu hazibadilishwi. Unatupa sensa nzima. Kununua sensa ya mitumba ni kununua mshumaa usiojua umebaki kiasi gani.

Aliyenitatulia ni fundi wa umeme wa magari upande wa Changamwe. Nilifika asubuhi, kabla jua halijachoma matairi, kwa sababu alinisisitizia kwenye simu nije matairi yakiwa ya baridi. Jambo la kwanza alilofanya halikuhusu taa hata kidogo. Aliinama kwenye gurudumu la mbele, akafungua nati moja, akanionyesha kwenye kiganja. "Dada, hizi ni nati za rimu zako za zamani, sivyo?" Zilikuwa na shingo ndefu na kikalio bapa chenye washa. Rimu zangu mpya zina matundu ya mteremko, zinataka nati za koni. Nati bapa kwenye tundu la mteremko inashika ukingo tu, na siku moja inalegea. Nilikuwa nimeendesha hivyo wiki saba, na mamangu ndani. Akanitumia kijana dukani, zikaja nati ishirini za koni, uzi wa 12 kwa 1.5, zikafungwa kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa hilo peke yake ningemlipa.

Halafu akachukua mashine yake ya Autel, kama simu nene yenye antena fupi, akaisogeza karibu na valvu ya kila gurudumu. Zile za mitumba mbili zilijibu kwa 315, mbili hazikujibu kabisa. Nikamwambia sensa zangu halisi ziliondoka na rimu za zamani, na muuzaji ameshaziuza. Nilitarajia aseme basi. Akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri, na kwenye kioo zikatokea namba nne, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Sensa zimeondoka, lakini gari bado linakumbuka majina yake. Alichofanya ni kuchukua sensa mpya tupu nne zinazoandikika na kuziandikia namba zilezile za zamani, moja moja, kila moja ikilia kidogo ilipopokea. Kwa gari hakuna kilichobadilika: zile nne zake zimerudi. Kama zingekuwa na namba mpya, angezisajili kwenye kompyuta kupitia waya uleule. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile swichi aliyobonyeza kijana wa mwanzo haikufaa kitu. Swichi hiyo inalifundisha gari presha unayoitaka, haisajili sensa.

Niliomba shina la mpira badala ya la chuma, na fundi akakubaliana nami. Huku pwani chumvi inakula valvu za alumini hadi kifuniko kinagandana nazo. Ukilazimisha kwa koleo, shina linakatika na sensa imekwenda. Akaweka na vifuniko vya plastiki. Kila sensa ina uzito wa gramu 30 hivi, kwa hiyo magurudumu yakabalansiwa upya. Tukajaza upepo 33 kama kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinavyosema, akashikilia swichi hadi taa ikapepesa mara tatu taratibu, tukatoka kuzunguka hadi Miritini na kurudi. Taa ikazima kabla hatujafika mbali.

Gharama: sensa 5,500 kila moja, kazi 4,000, jumla 26,000 bila nati. Si pesa kidogo. Lakini zangu za asili zilikuwa za 2017, betri zake zilikuwa zinakaribia mwisho hata hivyo, na ningeyalipa haya baada ya muda mfupi. Ninachoumia nacho ni tairi la Kikambala na zile 6,000 za mitumba. Malalamiko yangu kwa huduma ni mawili. Saa nne za kusubiri, maana mashine ya kufungulia matairi ni ya jirani yake na kuna foleni. Na risiti ilibidi niidai mara tatu.

Sasa ni miezi mitano. Nikienda kuziba pancha namwambia fundi kabla hajaweka tairi kwenye mashine: kuna sensa hapa kwenye valvu, anzia upande wa pili, na usinitilie ile gundi ya povu ndani. Wengi wanashukuru kuambiwa. Mmoja pale Mtwapa aliweka alama ya chaki kwenye ukuta wa tairi ili asisahau.

Fundi wa Changamwe alizinakili zile namba nne kwenye kipande cha katoni ya sensa, akaandika ipi iko wapi: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Nimekiweka kwenye droo ya gari pamoja na nakala ya logibuku, na muuzaji wa rimu atakayefuata ataonyeshwa kwanza hicho kabla hatujataja bei.